Upasuaji Hauishii kwenye Kisu: Saa za Baada ya Upasuaji na Pengo la Huduma kwa Wagonjwa Mahututi

Na Mwandishi Wetu

Wahenga walinena kuwa kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Methali hiyo ina ukweli wake hata katika chumba cha upasuaji. Daktari anapomaliza kushona jeraha na mgonjwa akatolewa akiwa hai, ndugu wanaosubiri nje hushusha pumzi na kumshukuru Mungu wakiamini kuwa jambo zito limekwisha. Takwimu za kitabibu za bara letu, hata hivyo, zinaonesha kwamba kwa wagonjwa wengi jambo zito huanza saa hiyo.

Utafiti mkubwa wa matokeo ya upasuaji barani Afrika, uliofanyika katika hospitali 247 za nchi 25 na kuchapishwa katika jarida la kitabibu la The Lancet mwaka 2018, uliwafuatilia wagonjwa 11,422. Asilimia 2.1 ya waliofuatiliwa hadi mwisho walifariki dunia wakiwa hospitalini. Katika vifo hivyo, asilimia 94 vilitokea baada ya siku ya upasuaji. Kwa lugha nyepesi, wengi wa waliopotea walikwishavuka salama mikono ya daktari mpasuaji na kufikishwa wodini.

Watafiti walihitimisha kuwa mgonjwa wa upasuaji barani Afrika ana uwezekano mara mbili zaidi wa kufariki kuliko wastani wa dunia. Hali iko hivyo ingawa wagonjwa wa Afrika walikuwa vijana zaidi, wastani wa umri ukiwa miaka 38 na nusu, na wachache miongoni mwao walikuwa na magonjwa sugu. Theluthi moja ya upasuaji wote ulikuwa wa kina mama waliojifungua. Hawa si wazee waliochoshwa na maradhi. Ni watu ambao familia na taifa bado vinawategemea.

Swali la msingi ni hili: iwapo mgonjwa ni kijana na upasuaji umefanikiwa, ni nini kinachomuua siku ya pili au ya tatu? Je, kuongeza vyumba vya wagonjwa mahututi, ambavyo wengi huviita ICU, ndilo jibu?

Tofauti iko katika kuokoa

Kila upasuaji, mahali popote duniani, huweza kuleta matatizo. Mshipa uliofungwa huweza kulegea na kuanza kuvuja damu ndani ya tumbo. Jeraha huweza kupata maambukizi yakaenea mwilini kupitia damu. Dawa za usingizi na za maumivu huweza kupunguza kasi ya kupumua. Damu huweza kuganda katika mishipa ya miguu na bonge likasafiri hadi kwenye mapafu. Hakuna hospitali duniani iliyofaulu kuyaondoa matatizo haya kabisa.

Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walilinganisha hospitali zenye vifo vichache baada ya upasuaji na zile zenye vifo vingi, wakitumia kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 84,000. Mtu angetarajia kuona kuwa hospitali zenye vifo vingi zina matatizo mengi zaidi. Haikuwa hivyo. Wagonjwa waliopata matatizo walikuwa karibu sawa pande zote mbili, takribani mmoja kati ya wanne. Hata hivyo, vifo katika kundi baya zaidi vilikuwa karibu maradufu ya kundi bora. Kilichozitofautisha hospitali hizo kilikuwa uwezo wa kulibaini tatizo mapema na kumwokoa mgonjwa kabla hali haijawa mbaya.

Ugunduzi huo unaeleza pia hali ya Afrika. Katika utafiti wa mwaka 2018, asilimia 18.2 ya wagonjwa walipata matatizo baada ya upasuaji. Katika utafiti wa kimataifa uliohusisha nchi 27 na kuchapishwa mwaka 2016, kiwango hicho kilikuwa asilimia 16.8. Tofauti si kubwa. Lakini miongoni mwa waliopata matatizo, waliofariki katika utafiti wa kimataifa walikuwa asilimia 2.8, ilhali katika utafiti wa Afrika walikuwa asilimia 9.5. Ni haki kueleza kuwa ule wa kimataifa ulihusu upasuaji uliopangwa tu, na wa Afrika ulikuwa na wagonjwa wengi wa dharura. Hata baada ya kuzingatia jambo hilo, pengo linabaki kubwa mno kupuuzwa.

Tuchukue mfano wa mama aliyejifungua kwa upasuaji saa nne usiku. Damu inaanza kuvuja ndani kidogo kidogo. Mwili wake ukiwa na nguvu za ujana, moyo unaongeza mapigo ili kufidia upungufu, na kwa muda shinikizo la damu linabaki la kawaida. Kisha anaanza kupumua haraka, mkojo unapungua, ngozi inapoa, anakosa utulivu. Shinikizo la damu linaposhuka, tayari amepoteza damu nyingi. Kati ya dalili ya kwanza na hatua hiyo huweza kupita saa kadhaa. Iwapo muuguzi amempima saa tano, saa sita na saa saba, dalili itaonekana na mama atarudishwa chumba cha upasuaji akiwa bado na nguvu. Iwapo muuguzi huyo anahudumia peke yake wagonjwa wengi usiku mzima, huenda kipimo kinachofuata kikawa cha alfajiri.

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 kutokana na takwimu hizohizo za Afrika ulibaini kuwa mama mmoja kati ya takribani 200 waliojifungua kwa upasuaji alifariki, kiwango kilichokadiriwa kuwa mara 50 ya kile cha nchi zenye kipato kikubwa. Kuvuja damu kwa wingi na matatizo ya dawa za usingizi vilikuwa miongoni mwa sababu zilizohusishwa na vifo hivyo.

ICU ilianza na mikono ya watu

Historia ya huduma kwa wagonjwa mahututi ina funzo kwa nchi zisizo na fedha nyingi. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen nchini Denmark ulikumbwa na mlipuko mkubwa wa ugonjwa wa kupooza, yaani polio. Wagonjwa wengi walishindwa kupumua, na mashine za kuwasaidia zilikuwa chache mno. Katika wiki tatu za mwanzo, kati ya wagonjwa 31 waliohitaji msaada huo, 27 walifariki.

Daktari wa usingizi Bjørn Ibsen alishauri njia iliyokuwa ikitumika katika chumba cha upasuaji: kutoboa njia ya hewa kooni na kusukuma hewa kwa mkono kwa kutumia mfuko wa mpira. Kwa kuwa mashine hazikuwapo, wanafunzi wa udaktari zaidi ya 1,000 walipangiwa zamu usiku na mchana, kila mmoja akikaa kando ya mgonjwa na kuminya mfuko huo. Vifo vilipungua kwa kiasi kikubwa. Mwaka uliofuata Ibsen alifungua chumba maalumu cha kuwaangalia wagonjwa wa namna hiyo, na kwa kawaida hicho ndicho kinachohesabiwa kuwa mwanzo wa ICU.

Kwa hiyo, ICU katika asili yake ni wazo kwamba mgonjwa aliye hatarini asiachwe bila mtu wa kumtazama. Mashine za kupumulia, skrini za kuonesha mapigo ya moyo na pampu za dawa zilikuja kuongeza nguvu ya wazo hilo. Palipo na mashine bila macho ya muuguzi, wazo lenyewe linakuwa halipo.

Kitanda pekee hakiokoi

Hapa ndipo mjadala unapohitaji umakini. Mwaka 2017, watafiti waliochambua takwimu za nchi 27 walitafuta kujua kama kuwapeleka wagonjwa wa upasuaji uliopangwa moja kwa moja katika chumba cha wagonjwa mahututi kuliwaongezea nafasi ya kuishi. Hawakuona faida hiyo, hata walipolinganisha hospitali kwa hospitali.

Matokeo hayo hayana maana kuwa ICU haina thamani. Wanaopelekwa huko kwa kawaida ndio wenye hali dhaifu zaidi, na si rahisi kwa takwimu kuondoa tofauti hiyo yote. Vilevile, utafiti ulihusu upasuaji uliopangwa, na wagonjwa wengi walitoka katika hospitali ambazo wodi zake za kawaida zina wauguzi wa kutosha, oksijeni ukutani na daktari anayefika ndani ya dakika chache. Mahali kama hapo wodi yenyewe hufanya sehemu ya kazi ya ICU. Kwa mgonjwa aliyepandikizwa figo, aliyefanyiwa upasuaji wa moyo au wa ubongo, au aliyepasuliwa kwa dharura kutokana na utumbo uliotoboka, chumba hicho hakina mbadala.

Upande wa pili, utafiti mwingine wa Afrika uliochapishwa mwaka 2021 ulijaribu njia nafuu. Katika hospitali 332 za nchi 28, baadhi ya hospitali zilielekezwa kuwatambua wagonjwa wenye hatari kubwa, kuwalaza karibu na meza ya muuguzi, kuwapima mara nyingi zaidi, kuruhusu ndugu kukaa kando ya kitanda na kubandika mwongozo wa matatizo ya kutazamia. Vifo havikupungua. Watafiti walieleza kuwa hatua hizo hazikutekelezwa kikamilifu katika sehemu nyingi.

Tafiti hizi mbili zikisomwa pamoja zinatoa somo moja. Kitanda cha kisasa bila wodi imara kinasaidia wachache. Maelekezo bila kuongeza watumishi wala vifaa hayamsaidii hata mmoja. Muuguzi aliyezidiwa na wagonjwa hawezi kupima mara nyingi zaidi kwa sababu tu waraka umemtaka afanye hivyo, na dalili ikionekana lazima awepo daktari wa kuitwa, damu salama ya kuongeza na oksijeni ya kumpa mgonjwa.

Dunia isiyo na mizani

Ukubwa wa pengo unaonekana katika idadi ya vitanda. Tathmini ya nchi za Ulaya iliyochapishwa mwaka 2012 ilionesha wastani wa vitanda 11.5 vya wagonjwa mahututi kwa kila watu 100,000, Ujerumani ikiwa na zaidi ya 29 na Ureno ikiwa na 4.2. Jirani zetu wa Uganda, kwa mujibu wa uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020, walikuwa na kitanda kimoja na kidogo zaidi kwa kila watu milioni moja.

Tume ya kimataifa ya upasuaji iliyoundwa na jarida la The Lancet ilibainisha mwaka 2015 kuwa watu bilioni 5 duniani hawapati upasuaji salama wanaoumudu pindi wanapouhitaji, na kwamba upasuaji milioni 143 zaidi unahitajika kila mwaka. Kati ya upasuaji milioni 313 unaofanyika kwa mwaka, ni asilimia 6 tu unaofanyika katika nchi maskini zaidi, ambako huishi zaidi ya theluthi moja ya watu wote. Tume ilipendekeza kila nchi iwe na angalau wataalamu 20 wa upasuaji, usingizi na uzazi kwa kila watu 100,000. Katika nchi zilizoshiriki utafiti wa Afrika wa mwaka 2018, kiwango cha kati kilikuwa 0.7.

Mwaka 2019 watafiti walikadiria kuwa watu milioni 4.2 hufariki kila mwaka ndani ya siku 30 baada ya upasuaji, idadi inayozidi vifo vya UKIMWI, kifua kikuu na malaria vikijumlishwa. Makadirio hayo yana onyo ndani yake. Iwapo dunia itaongeza idadi ya upasuaji bila kuimarisha huduma inayofuata, vifo navyo vitaongezeka. Kujenga chumba cha upasuaji bila kujenga huduma ya baada yake ni sawa na kuongeza mabasi barabarani bila kukagua breki.

Janga la UVIKO-19 liliuweka wazi udhaifu huu. Utafiti wa hospitali 64 katika nchi 10 za Afrika, uliochapishwa mwaka 2021, ulionesha kuwa karibu nusu ya wagonjwa wa UVIKO-19 waliolazwa katika uangalizi maalumu walifariki ndani ya siku 30, ilhali wastani wa dunia ulikuwa chini ya theluthi.

Tanzania: hatua zilizopigwa na kazi iliyobaki

Nchi yetu si mgeni katika juhudi za kuufanya upasuaji kuwa salama. Shirika la Afya Duniani lilipoijaribu orodha hakiki ya usalama wa upasuaji katika miji minane duniani, Ifakara ilikuwa miongoni mwao pamoja na London, Toronto na New Delhi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionesha vifo kupungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8 kwa wastani wa miji yote. Chombo kilichofanya kazi hiyo kilikuwa karatasi moja na nidhamu ya kuisoma kwa sauti.

Katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulieleza jinsi wauguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi walivyowekewa utaratibu rahisi: kipimo kikifika kiwango cha hatari, kuna hatua iliyokwishaandikwa ya kuchukua papo hapo. Miongoni mwa wagonjwa waliofika wakiwa na shinikizo la damu la chini sana, vifo vilishuka kutoka asilimia 92 hadi 69. Idadi hiyo bado ni kubwa, lakini mabadiliko hayo hayakuhitaji mashine mpya.

Kwa upande wa sera, Tanzania ilizindua mwaka 2018 Mpango wa Taifa wa Upasuaji, Huduma za Uzazi na Usingizi wa mwaka 2018 hadi 2025, ikiwa miongoni mwa nchi za mwanzo barani kufanya hivyo. Mwezi Oktoba 2021 Serikali ilizindua mpango wa maendeleo na mapambano dhidi ya UVIKO-19 wenye thamani ya shilingi trilioni 1.3, ambapo sehemu ya fedha zake ilielekezwa katika vyumba vya wagonjwa mahututi, majengo ya huduma za dharura na mitambo ya kuzalisha oksijeni. Huduma za kibingwa kama upandikizaji wa figo, ulioanza Muhimbili mwaka 2017 na katika Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma mwaka 2018, zisingewezekana bila uangalizi wa aina hiyo.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili na Taasisi ya Afya Ifakara wameshiriki pia kuijenga dhana ya huduma za msingi kwa mgonjwa aliye mahututi popote alipolazwa. Makubaliano ya wataalamu yaliyochapishwa mwaka 2021 yalitaja hatua 40 za kitabibu na mahitaji 67 ya hospitali, mengi yakiwa ya kawaida: kupima dalili za hatari, kumlaza mgonjwa asiye na fahamu ubavu, kutoa oksijeni, kuweka dripu, kuita msaada.

Umuhimu wa dhana hiyo ulithibitishwa na utafiti wa hospitali 180 katika nchi 22 za Afrika uliochapishwa mwaka 2025. Mgonjwa mmoja kati ya wanane waliolazwa alikuwa mahututi. Zaidi ya theluthi mbili ya mahututi hao walikuwa katika wodi za kawaida, na zaidi ya nusu hawakuwa wakipata huduma za msingi walizohitaji. Mmoja kati ya watano alifariki ndani ya siku saba.

Hivyo basi, kuchagua kati ya ICU na wodi ni kuuliza swali lisilo sahihi. Kinachohitajika ni ngazi. Katika kila hospitali inayofanya upasuaji, hata ile ya wilaya, pawepo chumba cha kuamkia, oksijeni ya uhakika, kipima oksijeni cha kidoleni na utaratibu wa kuwapima wagonjwa usiku. Katika hospitali za mikoa pawepo vitanda vya uangalizi wa karibu kwa wenye hatari ya kati. Katika hospitali za kanda na ya taifa pawepo ICU kamili yenye wauguzi waliosomea kazi hiyo. Ngazi ya chini ikikatika, ICU hujaa wagonjwa ambao wangeokolewa mapema, nao huwafikia madaktari wakiwa wamechelewa.

Gharama na haki

Huduma hii ni ghali. ICU huhitaji muuguzi mmoja kwa mgonjwa mmoja au wawili saa zote, pamoja na dawa, vipimo na matengenezo ya mitambo. Familia inayolipa kutoka mfukoni huweza kuuza shamba kwa ajili ya siku chache. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023 inalenga kuondoa mzigo wa namna hiyo kwa wananchi kuchangia kabla ya kuugua. Kwa mgonjwa wa upasuaji, kipimo cha bima kitakuwa iwapo inafika hadi siku ya tatu wodini pale hali inapobadilika.

Kuna pia uzito wa kimaadili. Panapokuwa na kitanda kimoja na wagonjwa watatu, daktari hulazimika kuamua nani aingie. Uamuzi huo usiachwe mabegani mwake peke yake usiku wa manane, wala usitegemee ni ndugu wa nani anayejua kupiga simu. Vigezo vilivyoandikwa, vinavyotazama hitaji na uwezekano wa kupona, humlinda mgonjwa na humlinda daktari.

Mwezi Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuunganisha huduma za dharura, za wagonjwa mahututi na za upasuaji, pamoja na azimio la kuongeza upatikanaji wa oksijeni ya tiba. Kilichobaki ni bajeti, na hapo kila nchi hujibu kwa vitendo.

Mwananchi atazame nini

Tangazo la kufunguliwa kwa ICU mpya ni habari njema, na mwananchi ana haki ya kuuliza maswali yanayofuata. Je, wauguzi wangapi wamepangiwa chumba hicho kwa zamu ya usiku? Oksijeni inatoka kwenye mtambo wa hospitali au inasubiri mitungi kutoka mbali? Mashine ikiharibika, nani huitengeneza? Wodi za upasuaji zinazokizunguka zimeimarishwa?

Ndugu wa mgonjwa naye ana nafasi yake, ingawa hachukui kazi ya muuguzi. Mgonjwa aliyetoka kupasuliwa akianza kupumua haraka au kwa shida, akichanganyikiwa, akiwa na usingizi usio wa kawaida, akipata baridi na kutoka jasho, akipitisha saa nyingi bila mkojo, au damu ikilowesha bandeji, mhudumu aitwe mara moja, usiku au mchana. Kuita mapema si usumbufu.

Mwaka 1952 wanafunzi wa Copenhagen walikaa kando ya vitanda kwa zamu kwa sababu jamii yao iliamua kuwa mgonjwa hataachwa peke yake. Mama aliyejifungua kwa upasuaji saa nne usiku, awe Ujerumani au wilayani kwetu, anahitaji jambo lilelile: mtu wa kumpima saa tano, na wa kumpima tena saa sita.